Umbizo moja kwa faili nyingi za Excel: jibu kwa msomaji

Msomaji ameuliza: "Kila mwezi ninaandaa ripoti za vitengo 14 kwa Excel, na kila kitengo kina faili yake. Faili ya kwanza niliipamba vizuri: vichwa vina rangi ya buluu iliyokolea, fedha zina koma na desimali mbili, tarehe zinaonyesha siku, mwezi na mwaka, na kiasi chenye nakisi huwa chekundu. Nikitumia brashi ya kunakili umbizo (Format Painter) kuhamishia umbizo hilo kwenye faili nyingine, buluu yangu inageuka rangi tofauti na upana wa safu hauji. Mwezi uliopita nilinakili jedwali zima kutoka faili ya mwenzangu, na tarehe zote zikarudi nyuma miaka minne. Je, siwezi kuliandaa umbizo mara moja tu, likatumika katika faili zote?"

Ndugu msomaji, unaweza, ila kwa sharti moja: uache kulibeba umbizo kutoka seli hadi seli. Umbizo linalotakiwa kuishi katika faili nyingi lazima lipewe jina, jina hilo lihifadhiwe katika faili mama moja, na faili nyingine zote zilipokee kutoka hapo. Faili ambazo bado hujaziunda zitazaliwa kutoka kwenye kiolezo (template), yaani faili ya mfano, na zile 14 ulizonazo zitaletewa mitindo ya faili mama kwa amri mahususi nitakayoieleza. Naomba kwanza nianze na yale matatizo matatu uliyoyataja, kwa sababu asipoelewa chanzo chake mtu huanzisha utaratibu mpya na kujikuta amerudi palepale.

Andika 45292 katika seli tupu, kisha ibadilishe seli hiyo iwe na umbizo la tarehe. Utaona 1 Januari 2024. Ulichoandika hakijabadilika hata kidogo. Excel huzihesabu siku kuanzia 1 Januari 1900 kama siku ya 1, na umbizo ndilo linaloamua kama hesabu hiyo ionekane kama idadi au kama tarehe. Thamani na umbizo ni vitu viwili vinavyokaa mahali pawili. Ukitaka kuona kwa macho yako, tengeneza nakala ya faili yoyote yenye kiambishi .xlsx, badilisha kiambishi hicho kiwe .zip, uifungue, na ndani ya folda iitwayo xl utakuta faili ndogo yenye jina styles.xml. Humo mna orodha ya maumbizo yote ya faili hiyo: fonti, rangi za usuli, mistari ya mipaka na namna za kuandika namba. Seli yenyewe haibebi rangi wala fonti. Inabeba namba tu, kwa mfano s="5", inayosema kwamba umbizo langu litafutwe katika nafasi fulani ya orodha.

Hapo ndipo ugumu wote unapoanzia. Orodha hiyo ni mali ya faili, si ya kompyuta wala ya programu, na nafasi ya 5 katika faili yako haina uhusiano wowote na nafasi ya 5 katika faili ya mwenzako. Kila unapobandika seli kutoka faili moja kwenda nyingine, Excel hulazimika kutafsiri kutoka orodha hadi orodha, na mambo mengine hayatafsiriki kwa sababu hayamo katika orodha hiyo.

Rangi ni mfano ulio wazi. Rangi zilizopangwa juu katika kisanduku cha kuchagulia rangi ni rangi za mandhari (theme), yaani seti ya rangi na fonti za faili nzima, na ukichagua mojawapo, seli haihifadhi "buluu iliyokolea" bali huhifadhi maelekezo ya aina ya "rangi ya mkazo ya kwanza ya mandhari ya faili hii". Maelekezo hayo yakifika katika faili yenye mandhari tofauti, hutekelezwa kwa uaminifu kabisa na kuleta rangi nyingine. Tatizo hili limeongezeka tangu mwaka 2023, Microsoft ilipobadilisha mandhari ya kawaida ya Office na kuiweka fonti ya Aptos Narrow mahali pa Calibri iliyotumika tangu toleo la 2007. Ikiwa baadhi ya faili zako 14 ziliundwa kabla ya badiliko hilo na nyingine baadaye, basi zina mandhari mbili, na brashi haiwezi kukutibia hilo. Dawa ni kuihifadhi mandhari ya faili mama: nenda "Page Layout", kisha "Themes", kisha "Save Current Theme", nawe utapata faili ndogo yenye kiambishi .thmx, ambayo unaweza kuitumia katika kila faili, na hata katika Word na PowerPoint. Wapo wanaokwepa suala hili kwa kuchagua rangi kamili kutoka "More Colors", ambayo haifuati mandhari. Hiyo nayo ni njia halali, ila mimi naipendelea mandhari, kwa kuwa siku mkuu wa kazi atakapotaka rangi nyingine utabadilisha mahali pamoja badala ya kuwinda seli moja baada ya nyingine.

Upana wa safu wima hauji kwa sababu ni sifa ya safu nzima na si ya seli. Ukinakili seli kadhaa, unabeba sifa za seli tu. Ziko njia mbili: ama uchague safu nzima kwa kubofya herufi yake ya juu kabla ya kutumia brashi, ama unakili, kisha katika "Paste Special" uchague "Column widths". Lakini fahamu kwamba upana huo hupimwa kwa tarakimu ngapi za fonti ya mtindo wa msingi, uitwao "Normal", zinaweza kuenea katika safu. Upana wa kawaida wa 8.43 ni sawa na pikseli 64 pale fonti hiyo ni Calibri ya ukubwa wa 11. Fonti ya msingi ikibadilika, namba ileile huleta upana mwingine machoni, na ndiyo maana ukurasa uliotosha vizuri kwenye karatasi katika faili moja humwaga safu yake ya mwisho kwenye karatasi ya pili katika faili nyingine.

Tarehe zilizorudi nyuma ni jambo zito kuliko hayo mawili, kwa sababu hapo kilichoharibika ni taarifa yenyewe. Excel ina mifumo miwili ya tarehe: mmoja huanza kuhesabu mwaka 1900, na mwingine, uliokuwa wa kawaida katika matoleo ya zamani ya Macintosh, huanza mwaka 1904. Tofauti kati yake ni siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Faili ya mwenzako bila shaka inatumia mfumo wa 1904. Hesabu ya siku ilikuja kama ilivyo, nayo faili yako ikaisoma kuanzia 1900. Usijaribu kurekebisha kwa kuubadilisha mfumo wa faili yako katika mipangilio, kwani tarehe zako zote zilizokuwa sahihi zitahama pia. Andika 1462 katika seli tupu, inakili, chagua zile tarehe zilizobandikwa tu, fungua "Paste Special", weka alama kwenye "Values" na "Add", kisha kubali. Ni muhimu kuchagua "Values", la sivyo umbizo la seli ile yenye 1462 litafunika umbizo la tarehe zako.

Sasa tuijenge faili mama. Chukua ile faili ya kwanza uliyoipamba, ihifadhi kwa jina jipya, ufute taarifa zake na kubakiza vichwa, fomula na mpangilio. Kisha, badala ya kuacha mapambo yakiwa yamewekwa kwa mkono, yageuze kuwa mitindo ya seli. Simama kwenye kichwa kimojawapo, fungua "Cell Styles" katika kichupo cha "Home", chagua "New Cell Style", nayo Excel itapendekeza kuchukua umbizo la seli uliyosimama. Upe mtindo jina lenye alama yako ya mwanzo, mathalani "RP Kichwa", na mingine "RP Fedha", "RP Tarehe", "RP Jumla". Alama hiyo ya mwanzo si pambo: inaitofautisha mitindo yako na ile inayokuja na Excel na ile itakayoingia kutoka faili za watu wengine, na inaifanya ikae pamoja katika orodha.

Katika dirisha la kuunda mtindo utaona visanduku sita: namba, mpangilio wa maandishi, fonti, mipaka, rangi ya usuli na ulinzi. Watu wengi huviacha vyote vikiwa na alama, na hilo ni kosa la gharama kubwa. Kisanduku kisicho na alama maana yake ni kwamba mtindo hautagusa sifa hiyo. Kwa "RP Fedha" mimi ningeacha alama kwenye namba na fonti peke yake, ili mtindo huo uweze kuwekwa juu ya safu yenye usuli wa kijivu au yenye mpaka mnene bila kuvifuta.

Hapa kuna faida ambayo huenda hukuitegemea. Ule wekundu wa nakisi hauhitaji umbizo la masharti (Conditional Formatting), lile linalobadilika kufuatana na kilichomo kwenye seli, hata kidogo. Fungua dirisha la umbizo la namba, chagua aina ya "Number", weka desimali mbili na alama ya kutenganisha maelfu, kisha katika orodha ya namna za kuandika namba hasi uchague ile ya rangi nyekundu. Wekundu sasa ni sehemu ya umbizo la namba, umbizo la namba ni sehemu ya mtindo, na mtindo husafiri kwa jina. Umbizo la masharti halisafiri hivyo, na zaidi ya hayo huchakaa: kila mtu anapokata na kubandika seli ndani ya eneo lake, kanuni moja hugawanyika vipande vipande, na baada ya miezi kadhaa utakuta kanuni ileile imeandikwa mara nyingi kwa maeneo madogo yasiyoeleweka. Libakize kwa mambo yanayolihitaji kweli, kama kulinganisha seli moja na nyingine.

Kwa tarehe, usichague umbizo lililowekewa kinyota mwanzoni mwa orodha. Kinyota hicho kinamaanisha kwamba tarehe itafuata mipangilio ya eneo ya kompyuta inayofungua faili, hivyo mmoja ataona siku ikitangulia na mwingine mwezi. Nenda kwenye "Custom" uandike dd/mm/yyyy, nawe utakuwa umeufunga mpangilio wa siku, mwezi na mwaka ndani ya mtindo wenyewe.

Ukimaliza, hifadhi faili mama mara mbili: mara ya kwanza kama faili ya kawaida ya .xlsx, mara ya pili kama kiolezo chenye kiambishi .xltx, au .xltm ikiwa ina makro, yaani programu fupi inayoifanyia Excel kazi yenyewe. Kiolezo kikifunguliwa kwa kubofya mara mbili hakifunguki chenyewe. Huzaa faili mpya isiyo na jina rasmi, ikiwa na mitindo, mandhari, upana wa safu, fomula na mipangilio ya uchapishaji. Kwa hiyo mwezi ujao hutahitaji kufungua ripoti ya mwezi uliopita na kufuta taarifa zake, desturi ambayo imewahi kuacha takwimu za zamani katika ripoti mpya mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukiri. Ukitaka kila faili mpya katika kompyuta yako izaliwe hivyo, kiolezo kikiitwa Book.xltx na kuwekwa katika folda ya XLSTART kitafanya kazi hiyo, lakini kwa kompyuta hiyo tu.

Nisisitize jambo linalowapotosha wengi: faili ikishazaliwa haina tena uhusiano na kiolezo chake. Ukibadilisha rangi katika kiolezo leo, faili za jana hazitajua. Ndiyo sababu zile faili 14 zinahitaji njia nyingine.

Njia hiyo ni kuunganisha mitindo. Tengeneza kwanza nakala ya folda nzima na uiweke kando. Fungua faili mama ya .xlsx na faili moja inayohitaji kurekebishwa. Katika hiyo ya pili, weka mandhari uliyoihifadhi, kwa sababu mitindo huja bila mandhari na ukianza na mitindo utadhani imeharibika. Kisha nenda "Cell Styles", chini kabisa chagua "Merge Styles", na uchague jina la faili mama. Kama kuna mitindo yenye majina yanayofanana, Excel itauliza kama iunganishwe, na jibu lako hapo lina uzito. Ukikubali, mitindo ya faili mama itachukua nafasi ya ile ya zamani, pamoja na ule wa "Normal", na kila seli ambayo haijapewa mtindo mwingine itabadilika fonti. Mimi niliwahi kukubali kwa haraka katika faili ya kurasa nyingi bila nakala, na nilitumia alasiri nzima kurekebisha upana wa safu uliovurugika. Ukikataa, mitindo yako yenye alama ya "RP" itaingia, kwa kuwa haina mfano wake huko, na mingine itabaki ilivyokuwa. Kwa mara ya kwanza, nakushauri ukatae.

Kuunganisha huleta majina tu. Hakuziambii seli ziyatumie. Itakubidi uchague vichwa na kuvipa "RP Kichwa", safu za fedha "RP Fedha", na kuendelea. Ni kazi ya dakika chache kwa kila faili, nayo haitarudiwa. Kuanzia hapo, ukibadilisha buluu katika faili mama na kuunganisha tena, safari hii ukikubali majina yanayofanana, vichwa vyote vya faili ile vitafuata mara moja. Vitakavyobaki nyuma ni vile ambavyo mtu aliviwekea rangi kwa mkono juu ya mtindo, na hilo litakuonyesha ni wapi pa kusafisha.

Upana wa safu, mipangilio ya ukurasa wa kuchapisha, umbizo la masharti na mitindo ya majedwali uliyoibuni mwenyewe havimo katika kuunganisha huko. Ukivihitaji, hamisha laha (sheet) nzima: bofya jina la laha kwa kitufe cha kulia, chagua "Move or Copy", weka alama ya kutengeneza nakala, na uchague faili inayopokea. Baada ya hapo kagua viunganishi katika kichupo cha "Data", kwani fomula zilizorejelea laha nyingine za faili mama zitaendelea kuitafuta faili hiyo hata ikiwa kwenye kompyuta nyingine. Kama ulichotaka ni mtindo wa jedwali pekee, unaweza kuifuta laha hiyo baadaye, na mtindo utabaki.

Je, uandike makro? Kwa faili 14 za kurekebishwa mara moja, sioni haja. Zikiwa mia, au rangi zikibadilika kila robo mwaka, ndipo inafaa kuandika makro fupi katika faili ya Personal.xlsb, inayofunguka yenyewe kila Excel inapowashwa. Makro hiyo ipitie folda, ifungue kila faili, itumie ApplyTheme kuweka mandhari na Styles.Merge kuleta mitindo, ihifadhi, ifunge. Iendeshe kwanza juu ya nakala za faili, kwani kilichofanywa na makro hakirudishwi kwa Ctrl+Z.

Ikiwa takwimu zako hutoka katika mfumo mwingine kama faili za CSV, usihangaike kuzipamba hizo. CSV ni maandishi matupu. Haina mahali pa kuweka rangi, fonti wala upana, na ukiihifadhi kwa kiambishi hicho mapambo yote hupotea. Mahali pa umbizo ni katika kiolezo, na CSV iletwe ndani yake kwa "Get Data", ambapo kila mwezi utabadilisha faili ya chanzo na kubofya "Refresh". Katika sifa za jedwali linalopokea, hakikisha kwamba chaguo la kuhifadhi umbizo la seli lina alama.

Wenzako wanaojaza faili hizo ndio watakaoamua kama kazi hii itadumu. Adui mkubwa wa umbizo ni Ctrl+V ya kawaida, ambayo huleta thamani pamoja na umbizo la kule zilikotoka, na pamoja nalo mitindo ya kigeni. Faili ya .xlsx inaweza kubeba maumbizo tofauti 65,490, ilhali .xls ya zamani ilibeba 4,000, na faili iliyopita mikono mingi huufikia ukomo huo, Excel ikakataa kupokea umbizo jipya kabisa. Wafundishe kubandika thamani peke yake; katika matoleo mapya ya Excel njia ya mkato ni Ctrl+Shift+V, nayo hufanya vivyo hivyo katika Google Sheets.

Kwa kuwa huenda baadhi ya vitengo hutumia programu nyingine, niongeze kwa ufupi. Google Sheets haina mitindo ya seli yenye majina, kwa hiyo huko tegemea faili mama inayonakiliwa nzima, au laha moja inayopelekwa kwenye faili nyingine kwa amri ya "Copy to". LibreOffice Calc inayo mitindo, tena ya kuaminika. Hufunguliwa kwa F11, na kiolezo chake huhifadhiwa kwa kiambishi .ots.

Anza na faili moja tu, iliyo chafu kuliko zote. Iwekee mandhari, unganisha mitindo, vipe vichwa na safu majina yake, kisha uichapishe ukurasa mmoja na kuuweka kando ya ukurasa wa faili mama. Ukiona tofauti katika rangi, rudi kwenye mandhari. Ukiiona katika upana, angalia fonti ya "Normal". Ukiiona katika tarehe, usiendelee na faili ya pili mpaka umehakikisha ni mfumo upi wa tarehe unaotumika.